Mwangwi wa Saa Moja Usiku: Kisa cha Tope la Ghuba ya Chwaka

Ripoti ya upimaji wa tope katika Ghuba ya Chwaka, Unguja, ilikuwa nene, ila iliposomwa mbele ya sheha, kiongozi wa shehia, watu waliondoka na sentensi moja tu. Ilisema kwamba tope linaloelea kwenye maji ya ghuba kila siku baada ya jua kuchwa huwa mara kadhaa ya lilivyokuwa mchana, na kwa kuwa mafundi wanaojenga ukuta wa ufukweni hufunga kazi kabla ya magharibi, tope hilo haliwezi kuwa lao. Mkandarasi aliridhika. Kina mama wa mwani, ambao ndio walioleta malalamiko ya tope kwenye mashamba yao, hawakuridhika, lakini wangejibu nini? Upande wa pili ulikuwa na kifaa, grafu na namba. Wao walikuwa na kamba za mwani zilizopakaa unga mweupe.

Niliombwa niipitie data ile upya, na hiki ndicho nilichokikuta. Nakiandika kwa urefu kwa sababu kipimo cha tope kwa mwangwi wa sauti kinazidi kutumika katika pwani zetu, na kisa hiki kina mtego ambao mtu yeyote anaweza kuukuta akiweka kifaa kama hicho kwenye maji ya kina kifupi.

Kwanza mahali penyewe. Ghuba ya Chwaka iko mashariki ya Unguja. Maji yakijaa hutandaa karibu kilomita za mraba 50. Yakipwa hubaki kama 20, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni mchanga na nyasi za bahari, pakavu pa kutembea kwa miguu. Kina cha wastani ni mita tatu na kidogo. Bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupandisha na kushusha maji mita 3.2 hivi; maji mafu, siku za nusu mwezi, hayafiki hata mita moja. Kusini kuna mikoko, na hori la Mapopwe linaloingia ndani yake. Eneo hilo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004.

Jambo ambalo mgeni hulisahau ni kwamba hakuna mto wa maana unaomwaga humo. Upande huo wa kisiwa ni nchi ya mawe, mvua huzama chini kabla haijafika pwani. Kwa hiyo mashapo ya ghuba kwa sehemu kubwa yamezaliwa humohumo baharini: vipande vya matumbawe, magamba ya chaza na kombe, na hasa vigae vya Halimeda, mwani wa kijani wenye chokaa mwilini ambao ukifa huvunjika kuwa chembe bapa nyeupe. Hili litarudi mbele.

Kifaa kilichowekwa kilikuwa kipimamkondo cha Doppler, kimefungwa kwenye fremu ya chuma yenye vipande vya risasi, kimelala chini kwenye mkondo, kikitazama juu. Hutoa mlio mfupi wa masafa ya kilohezi 1200, juu mno kwa sikio la binadamu, kwa miale minne iliyoinama nyuzi 20 kutoka wima. Katika maji yetu yenye joto la nyuzi 28 mlio huo hukimbia karibu mita 1540 kwa sekunde. Ukigonga chembe, sehemu ndogo ya sauti hurudi. Masafa ya kilichorudi yakiwa yamepanda au yameshuka, kifaa kinajua maji yanakwenda upande gani na kwa kasi gani, kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842. Hapo hakuna ubishi, na kasi za mkondo katika ripoti ile zilikuwa safi kabisa, ukiacha nusu mita ya kwanza mbele ya kifaa, na ile asilimia 6 ya mwisho chini ya uso wa maji ambako mwangwi wa uso wenyewe huchafua kila kitu.

Ubishi uko kwenye jambo la pili ambalo kifaa hurekodi: ukubwa wa mwangwi. Chembe zikiwa nyingi, sauti nyingi inarudi. Ndipo likaja wazo la kupima tope kwa sauti, na si wazo baya. Kipimo cha namna hiyo kinaona safu nzima ya maji kutoka chini hadi juu, kila dakika chache, mchana na usiku, bila mtu kukaa ndani ya boti.

Mwangwi ghafi hauna maana mpaka urekebishwe. Sauti hufifia kadiri inavyotawanyika, na maji yenyewe huimeza: kwa masafa hayo na joto hilo ni karibu desibeli 0.4 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) kwa kila mita, kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Ukichukua kwa uvivu kiwango cha maji ya nyuzi 10 utaweka karibu 0.5, na kwa chembe iliyo mita 5 mbali utajiongezea karibu desibeli moja isiyokuwepo, ambayo ni kama robo nzima ya tope juu ya tope. Ripoti ile haikuteleza hapo. Nalisema kwa sababu baadhi ya watu pale kijijini walikwisha kuamua kuwa namba zimepikwa. Hazikupikwa. Aliyezifanya anajua kazi yake, na hilo ndilo linalokifanya kisa hiki kistahili kuandikwa.

Baada ya masahihisho, hesabu ni nyepesi. Desibeli 3 zikiongezeka, tope limekuwa maradufu. Desibeli 6, mara nne. Desibeli 10, mara kumi. Nyepesi, lakini ina sharti moja: kinachorudisha sauti kiwe ni kitu kilekile muda wote. Mwangwi hauna jina. Hausemi kama umetoka kwa mchanga, kwa povu la hewa au kwa mnyama.

Ili desibeli zigeuke kuwa miligramu kwa lita, unahitaji chupa. Unachota maji karibu na kifaa kwa kina kinachojulikana, unayachuja kwenye karatasi iliyopimwa uzito kabla, unaikausha kwa nyuzi 105, unaipima tena. Kazi ya skuli, mtu atasema. Lakini lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi. Ukiacha mililita moja tu imelowa kwenye karatasi bila kuisuuza kwa maji yaliyotoneshwa, unabaki na miligramu 35 za chumvi, ambazo zinaweza kuzidi tope lenyewe ulilokwenda kulitafuta. Nilitazama daftari la maabara: karatasi zilisuuzwa, na zilipimwa mara mbili mbili. Safi.

Kisha nikatazama safu ya saa. Sampuli zote zilichotwa kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Naelewa kwa nini. Boti hukodiwa kwa kutwa, nahodha ana watoto nyumbani, na nani anataka kuchuja maji gizani? Lakini mstari wa kugeuza desibeli kuwa miligramu, uliochorwa kutokana na chupa za mchana, ndio uliotumiwa kuhesabu miligramu za usiku, na usiku huo ndio uliobeba sentensi yote ya ripoti.

Sasa tuje kwenye kilima chenyewe cha usiku. Kwenye grafu kinaonekana wazi: jua likichwa mwangwi unapanda ghafla, unakaa juu, unashuka kabla ya mapambazuko. Maelezo ya ripoti yalikuwa kwamba wakati huo mkondo wa maji kupwa huwa mkali na huchimbua mchanga. Kwa siku za bamvua maelezo hayo yanakubalika kabisa, na hapa ndipo palipo na mtego.

Kwa desturi ya pwani yetu, bamvua hujaza maji karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kuyapwesha karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila mkulima wa mwani analijua hili. Ndiyo maana bamvua ikiingia utawaona wako shambani saa nne ya asubuhi. Katikati ya kujaa na kupwa ndiko mkondo ulipo mkali zaidi. Hesabu mwenyewe: ni saa moja. Saa moja asubuhi, na saa moja usiku. Kwa hiyo katika siku za bamvua, mkondo mkali wa jioni unakutana uso kwa uso na kuingia kwa giza. Ukipima siku tatu nne za bamvua tu, huwezi kutenganisha kazi ya mwezi na kazi ya jua, hata uwe na kifaa cha gharama gani.

Bahati nzuri kifaa kilikuwa kimeachwa majini zaidi ya bamvua moja. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Wiki moja baada ya bamvua, katika maji mafu, ule mkondo mkali umeshasogea hadi karibu saa saba, mchana na usiku, tena umedhoofika sana. Kama ni mchanga unaochimbuliwa na mkondo, kilima cha mwangwi kingesogea nao na kufifia nao. Nikazipanga siku zote, moja chini ya nyingine, kwa saa za siku badala ya saa za maji. Kilima hakikusogea. Bamvua kiko saa moja usiku. Maji mafu, mkondo ukiwa umelala, kiko saa moja usiku. Tope la mkondo linafuata mwezi. Kitu hiki kilikuwa kinafuata jua.

Kulikuwa na ushahidi mwingine ndani ya data ileile, na huu hauhitaji hata kusubiri wiki. Bamvua ina mikondo miwili ya kupwa kwa siku, wa asubuhi na wa jioni, na pwani yetu hiyo miwili hutofautiana kidogo tu. Saa moja asubuhi mkondo ni ule ule, mchanga ni ule ule, mahali ni pale pale. Kilichobadilika ni kwamba jua limeshatoka. Mwangwi wa asubuhi ulikuwa umepanda kiasi, kama unavyotarajia mkondo unapoinua mchanga. Wa jioni ulikuwa juu yake kwa mbali. Ile tofauti ya juu haiwezi kudaiwa kuwa ya mkondo.

Nilipokwenda kuangalia mahali penyewe, nahodha aliyetupeleka alikuwa mzee wa huko ghubani. Nilimwamkia, akaitikia, tukakaa tukisubiri maji. Nikamwonyesha grafu kwenye simu na kumweleza kwamba mstari ukipanda maana yake kuna vitu vingi majini.

“Na huku ulikopanda ni saa ngapi, mwanangu?”

“Magharibi, mzee. Kila siku.”

Akaitazama tena, akanirudishia simu. “Hao uduvi. Mchana wamo majanini, huwaoni. Giza likiingia wanatoka. Wewe unafikiri dagaa wanakuja kwenye taa kufuata taa yenyewe? Muulize mvuvi kwa nini haendi kwenye mbalamwezi.”

Hakuwa amesoma popote kuhusu wanyama wadogo wa baharini wanaopanda usiku na kushuka mchana, lakini hilo ni jambo ambalo sayansi ya bahari inalijua vizuri, na nyasi za bahari za ghuba yenye kina kifupi zinalo la kwao: uduvi na jamaa zao hulala kwenye majani na mchanga mchana, samaki wasiwaone, na kuinuka kukiwa giza. Mwili wa mmoja una urefu wa milimita kadhaa. Urefu wa wimbi la sauti ya kilohezi 1200 ni milimita 1.3 hivi. Mnyama aliye mkubwa kuliko wimbi lenyewe hurudisha sauti nyingi mno ukimlinganisha na chembe ya mchanga, hata kama nyama yake ni laini.

Na data ilikuwa imewanasa wakipanda. Kipimamkondo hupima kasi ya wima pia, namba ambayo watu wengi huitupa kwa kuwa katika maji mafupi huwa ndogo na yenye kelele. Ukiikusanya ya siku nyingi na kuipanga kwa saa, wakati wa magharibi inaonyesha vitu vinavyokwenda juu. Mchanga ulioinuliwa na mkondo huwa unajitahidi kushuka.

Jioni ile tulivuta chandarua cha matundu madogo kando ya boti, mara moja kabla ya jua kuzama na mara moja giza lilipokamilika. Kikombe cha kwanza kilikuwa na vipande vya majani na vigae vichache vya Halimeda. Cha pili kilichemka. Uduvi wazima, wenye macho meusi kama punje za pilipili manga, wakijipiga ukutani, na katikati yao mabuu ya kaa. Chupa za maji tulizochota saa hiyohiyo tulizichuja na kuzipima, kisha karatasi tukazichoma kwa nyuzi 550. Hatua hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana usiku hata chupa hudanganya: karatasi hukamata wanyama pamoja na tope na uzito unapanda. Kwenye nyuzi 550 nyama huungua ikaisha, chokaa hubaki. Kilichobaki cha usiku kilikuwa sawa na cha mchana wa mkondo kama ule.

Mapovu nayo niliyafikiria. Nyasi za bahari zikipigwa na jua kali hutoa oksijeni, na povu dogo la hewa hurudisha sauti kuliko karibu kitu chochote cha ukubwa wake. Lakini hilo ni tatizo la mchana, na kwenye data hii lilionekana kama mnundo mdogo siku za shwari. Ripoti haikulijenga hoja, nami naliacha.

Kwa hiyo kilima cha usiku si tope. Je, hiyo inamtia mkandarasi hatiani? Hapana, na hapa niliwaudhi walioniita. Kuna tatizo la pili, kubwa zaidi kwa maoni yangu, ambalo lingekuwepo hata kama ghuba isingekuwa na uduvi hata mmoja.

Kina mama hawakulalamikia mchanga. Mchanga wanaujua, ukija unaanguka chini ukakaa. Walilalamikia unga: tope laini jeupe linaloning'inia majini, linashika kwenye matawi ya mwani, linauzibia mwanga, na mwani unapauka na kukatika. Kilimo hiki kilianza kibiashara upande wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, na kuna wanawake Chwaka, Marumbi na Uroa waliofunga kamba miaka mingi. Wanapotofautisha mchanga na unga wanajua wanasema nini.

Na sauti ya kilohezi 1200 karibu ni kiziwi kwa unga. Chembe ikiwa ndogo sana kuliko wimbi, mwangwi wake hufuata kanuni ya Rayleigh: ongeza kipenyo mara mbili, mwangwi wa chembe moja unakuwa mara 64. Ukipima kwa uzito badala ya chembe mojamoja, ni mara 8. Sasa linganisha miligramu moja ya mchanga wa kipenyo cha mikroni 200 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) na miligramu moja ya unga wa mikroni 20. Uzito ni mmoja, lakini mchanga unarudisha sauti karibu mara 1000. Unaweza kumwaga kiasi kikubwa cha unga mweupe ghubani, na kifaa kikaendelea kusikiliza mchanga mchache uliopo bila kushtuka. Mwanga una tabia ya kinyume: kwa uzito uleule, unga wa mikroni 20 huzuia mwanga kama mara 10 kuliko mchanga wa mikroni 200.

Vigae vya Halimeda huongeza ugumu wao. Sehemu kubwa ya majedwali ya mwangwi imejengwa juu ya mchanga wa kwatsi, chembe za mviringo na ngumu. Vyetu ni bapa na vina matundu, na hugeukageuka vikielea. Dawa yake ni kuchukua mchanga wa palepale na kulinganisha nao, bila kuazima mstari wa mahali pengine.

Kinachokera ni kwamba kihisi cha mwanga, kinachopima ukungu wa maji kwa mwanga badala ya sauti, kilikuwepo. Kilikuwa kimefungwa kwenye fremu ileile, na data yake ililala kiambatishoni bila kujadiliwa, kwa maelezo kwamba “haikuoana na mwangwi”. Kutooana huko ndiko kulikokuwa habari yenyewe. Saa moja usiku kihisi hakikuona kilima chochote. Kilichokiona ni maji kuwa na ukungu mwishoni mwa kupwa na mwanzoni mwa kujaa, hasa alasiri za upepo wa kusi, wakati maji ni membamba juu ya mchanga na mawimbi madogo yanaukoroga. Siku za kazi na siku za mapumziko ya mafundi zilifanana pale kwenye fremu. Lakini fremu ilikuwa kwenye mkondo, mbali na ukuta unaojengwa na mbali na mashamba, kwa hiyo kufanana huko hakumsafishi mtu wala hakumfungi.

Niliyoyapendekeza yalikubaliwa kwenye kikao cha pili, baada ya mabishano ambayo sina haja ya kuyasimulia. Miligramu zote za saa za giza ziliondolewa kwenye ripoti, na sentensi ya “tope huongezeka usiku” ikafutwa pamoja na hitimisho lililoning'inia juu yake. Kasi za mkondo zilibaki kama zilivyo, maana ndizo zitakazosema unga ukionekana umetoka wapi na unaelekea wapi. Vihisi viwili vya mwanga vitawekwa, kimoja kila upande wa ukuta kufuata mkondo, vyenye brashi ya kujifuta, kwa sababu katika maji ya joto kioo kisichofutwa huota utelezi kwa muda mfupi na kuanza kusoma utelezi huo. Chupa zitachotwa kila saa kwa mzunguko mzima wa kujaa na kupwa, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, bamvua na maji mafu.

Mwenyekiti wa kikundi cha mwani aliuliza swali moja: nani atachota zile za mashambani? Nikamwambia boti haiwezi kufika huko maji yakipwa. Akasema basi watachota wao, kwa kuwa saa hiyo wako humo tayari, wapewe chupa na waonyeshwe namna ya kuandika saa na mahali. Mkandarasi naye alitakiwa aweke daftari la saa ambazo mashine yake ya kuchimba inafanya kazi, na kumpa sheha nakala kila Ijumaa. Alikubali, ila akataka chupa za mashambani ziwe mbilimbili na moja ibaki kwake. Walikubaliana.